Mlango Usio na Kibao

Siku ya tisa wodini, saa tatu asubuhi, daktari wa wodi alisimama miguuni pa kitanda namba kumi na nne, akafungua faili, akalifunga, akasema, "Huyu aende nyumbani."

Bi Saa alikuwa ameketi kwenye stuli upande wa ukutani, mkoba wake mapajani. Hakushtuka. Tangu juzi alikuwa ameliona neno hilo likija. Aliliona katika namna sista mkuu alivyoacha kubadilisha shuka, na katika namna mgonjwa mgeni, aliyelazwa na mwenzake kitanda cha kumi na tano, alivyokuwa akikitazama kitanda cha binti wa Bi Saa kama mtu anayepima shati dukani.

"Aende nyumbani na homa yake?" akauliza.

"Homa gani, mama? Hana homa. Vipimo vyote safi. Tumepima malaria, hakuna. Homa ya matumbo, hakuna. Kifua safi. Huyu ana msongo wa mawazo. Apumzike, ale vizuri, aache kufikiri sana."

Kitandani, binti aligeuza uso akatazama dirisha. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita, mwenye mabega yaliyowahi kuwa mapana. Sasa mifupa ya shingo ilimtoka kama vishikio vya kikapu, na akitaka kugeuka ilimbidi kwanza ashike ukingo wa kitanda kwa mikono miwili, maana kiuno hakikumtii.

Bi Saa halikuwa jina lake la kuzaliwa. Majirani walimpa baada ya mumewe kufariki, walipoona kwamba mwanamke yule hakuacha sala moja ipite dakika zake. Wakimwona anatoka uani na birika la udhu, walijua alasiri imeingia, na mwenye kunde jikoni aliziepua. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, basi. Lakini alikuwa na macho, na macho yake hayakuwa na haraka.

Akafungua mkoba, akatoa daftari la hesabu, lile lenye miraba midogo.

"Naomba uangalie hili, daktari."

Ndani alikuwa amepiga mistari kwa rula. Juu ya kila ukurasa aliandika alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Pembeni, tarehe. Wiki kumi na moja za tarehe. Kazi yake ilikuwa hii: kila kabla ya sala humwekea binti kipimajoto kwapani, yeye huenda kutawadha, na akirudi na maji bado yanamtiririka viwikoni husoma namba, huandika, ndipo husimama kuswali. Hakuna mraba uliokuwa mtupu.

Daktari alikuwa kijana, kalamu tatu mfukoni. Hakulichukua. "Mama, sisi tuna chati yetu. Sista, hebu."

Sista mkuu akaifungua chati iliyoning'inia kitandani. "Asubuhi thelathini na sita na nukta nane. Jioni thelathini na sita na nukta nane. Hivyo hivyo siku zote."

"Asubuhi ni kweli," akasema Bi Saa. "Asubuhi na mimi napata hiyo hiyo. Jioni ndiyo uongo."

Vichwa vikageuka wodi nzima. Hata yule mgonjwa wa dirishani aliyekuwa akimenya chungwa aliacha kisu hewani.

"Mama! Unanisingizia?"

"Sikusingizii, mwanangu. Jioni mnapokabidhiana zamu, mwenzenu hukaa pale mezani akajaza jioni kwa kuangalia asubuhi. Nimehesabu jioni nane. Jioni zote nane hakuna aliyefika kitanda hiki na kipimajoto ila mimi. Na mimi jioni napata thelathini na tisa."

Sista akavuta pumzi ndefu. Daktari akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka mambo yaishe. "Mama, nani amekusomesha udaktari?"

"Hakuna. Lakini darasa la tatu tulifundishwa kubwa na dogo. Thelathini na tisa ni kubwa kuliko thelathini na sita."

Mwenye chungwa akaangua kicheko, akajifunika mdomo kwa khanga.

"Getini kuna ubao," Bi Saa akaendelea, sauti ile ile, kama anayesoma orodha ya sokoni. "Umeandikwa majina ya kazi za madaktari wote. Wa tano kutoka chini ni bingwa wa magonjwa ya kuambukiza. Nataka amwone mwanangu."

"Huyo haonwi hivi hivi. Mpaka barua ya rufaa."

"Niandikie."

"Siandiki barua ya mgonjwa asiyeumwa." Daktari akalipiga faili kwenye kiganja. "Saa nane mchana kitanda hiki anapewa mtu mwingine. Karatasi za kutoka zitakuwa tayari. Pole, mama."

Akasogea kitanda cha kumi na tano. Sista mkuu akamfuata, shingo imemsimama.

Binti akanong'ona, "Mama, twende zetu. Labda kweli ni mawazo."

"Mawazo hayalowanishi shuka," akajibu Bi Saa. Alijua anachosema. Kila usiku alizikamua shuka zile bafuni kwa mikono yake, jasho likachuruzika kama amezitoa kwenye beseni. "Wewe hapa usishuke kitandani. Wakikuvuta, piga kelele. Adhuhuri ikiingia weka kipimajoto hiki mwenyewe, uandike kwenye karatasi hii."

"Unakwenda wapi?"

"Kumtafuta mwenye kazi yake."

Akajifunga khanga kiunoni, akatoka.

Kwenye dirisha la maelezo kulikuwa na foleni ya watu tisa. Alipofika mbele, karani hakuinua macho.

"Barua?"

"Sina barua. Namtafuta bingwa wa magonjwa ya kuambukiza."

"Bila barua sina la kukwambia."

"Sikuombi uniingize, baba. Nakuuliza anakaa wapi."

"Nikikwambia anakaa wapi si utakwenda?"

"Ndiyo maana ya kuuliza."

Nyuma yake watu wakacheka. Karani akainua macho, akamtazama vizuri, akaona mzee wa mtandio mweupe ambaye hakuwa na dalili ya kuondoka. "Chumba namba tisa," akasema. "Ulizia huko."

Chumba namba tisa wakamwambia aende maabara. Maabara wakamwambia, huyo tunamjua kwa sahihi tu, sampuli zake zinaletwa, nenda dirisha la dawa. Dirisha la dawa wakamwambia arudi maelezo. Alipigwa danadana hivyo mpaka saa tano. Milango aliisoma yote, mmoja baada ya mwingine, kidole kikifuata herufi. Meno. Macho. Ngozi. Masikio. Mifupa. Kila kiungo cha binadamu kilikuwa na mlango wake na kibao chake, ila homa ya mwanawe ndiyo haikuwa na pa kubisha.

Wengine wangelia, yeye hapana. Akasimama ukumbini, akasoma kimyakimya kile alichozoea kusoma akiwa na dhiki, akamaliza, akashusha pumzi. Akapiga moyo konde, akageukia ukumbi ambao hakuwa amepita.

Ukumbi huo ulikuwa umetoka kudekiwa. Bi Saa akasimama ukingoni mwa unyevu, akangoja.

Mfagizi, mwanamke mnene mwenye buti za mpira, aliegemea mpini wa dekio akamwangalia. "Pita tu, dada. Wote wanapita."

"Nitaharibu kazi yako. Ikauke."

"Tangu nimeanza kazi hapa wewe ni wa kwanza kusema hivyo." Mfagizi akasogea. "Umepotea?"

"Sijapotea. Wao ndio wamempoteza daktari." Akamweleza anayemtafuta.

"Aa! Daktari Maswali! Kwa nini hukuniuliza mimi?" Mfagizi akashika kiuno. "Hawa wa madirishani wanajua karatasi. Mimi ndiye ninayejua watu, maana vikombe vyao naviosha mimi. Sikiliza. Kibao chake kilikuwapo zamani, hapo hapo chumba cha saba. Watu wakawa hawataki kuonekana wamekaa chini ya maneno yale. Mtu anaona heri afe na homa yake kuliko jirani amkute pale. Benchi likawa tupu. Na majirani zake wa chumba cha sita na cha nane wakasema hawataki kuambukizwa. Madaktari hao, dada! Basi wakamng'oa, wakampeleka nyuma ya chumba cha kufulia. Kibao walikipigilia huko siku mbili, wakaking'oa wakakiweka stoo, nakifuta vumbi kila Ijumaa."

"Leo yupo?"

"Yupo. Lakini saa sita na nusu anatoka kwenda kufundisha wanafunzi, na akitoka ndiyo basi mpaka wiki ijayo. Fuata mlio wa mashine za kufulia, zipite. Utaona mlango wa kijani uliobanduka rangi, una matundu manne ya misumari. Ndio huo. Lakini mlangoni kuna bwana mmoja, mdomo wake mkubwa kuliko cheo chake. Usimwogope."

"Simwogopi," akasema Bi Saa. "Mungu akuzidishie."

Mashine zilinguruma kweli, na hewa ya huko ilikuwa ya moto, yenye harufu ya sabuni na majivu. Mlango wa kijani aliuona, na matundu yake manne. Mbele yake kulikuwa na benchi refu na watu wanne, wamekaa mbalimbali kama wametengwa kwa ugomvi, kila mmoja akitazama ukuta wake. Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa msaidizi wa daktari, shada la funguo kiunoni.

"Barua?"

"Sina."

"Basi rudi ulikotoka, mama."

Bi Saa akakaa katikati ya benchi.

"Mama, hunisikii? Bila barua huingii."

"Nimesikia. Siingii. Nimekaa."

"Na kukaa pia hapana."

"Kukaa nako kunataka barua?"

Mzee mmoja mwisho wa benchi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Msaidizi akasimama, akajitanua. "Utakaa mpaka lini?"

"Kijana," akasema Bi Saa, akiuweka mkoba vizuri mapajani, "mimi nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi, ndani ya chumba kimoja. Benchi hili litanishinda?"

Benchi zima likacheka. Hata yule dada aliyekuwa amejifunika uso mpaka machoni aliusukuma mtandio nyuma kidogo, akasogea karibu, akamuuliza taratibu, "Unamuuguza nani, mama?" Wakaanza kuzungumza. Msaidizi akaketi tena, akajitia hamnazo na funguo zake.

Wanne wale wakaingia mmoja mmoja, kila mmoja akakaa ndani muda mrefu. Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa sita na dakika ishirini na tano wakati mzee wa mwisho alipotoka. Mara kutoka mbali, juu ya mngurumo wa mashine, adhana ya adhuhuri ikaingia.

Miguu ya Bi Saa ilitaka kuinuka yenyewe. Miaka yote ya ujane wake, adhana haikuwahi kumkuta amekaa. Akaishika miguu. Mola wangu, akasema moyoni, wakati wako ni mpana mpaka alasiri, na wa huyu bwana ni dakika tano. Wewe unanijua. Akabaki.

Mlango ukafunguliwa. Daktari Maswali alikuwa mtu mrefu mwembamba, mvi zimemwanza masikioni, miwani imefungwa kwa plasta ya vidonda. Mkononi alikuwa na begi, na tayari alikuwa amegeuka kufunga.

"Huyu hana barua, daktari," msaidizi akawahi. "Nimemwambia."

Bi Saa alikuwa amesimama mbele yake, si kando. Daftari limefunguliwa, amelinyanyua kifuani pa daktari.

"Mama, samahani. Nina darasa. Wanafunzi wananingoja."

"Wanafunzi wakingoja watapiga soga. Mwanangu akingoja, saa nane anashushwa kitandani. Angalia ukurasa mmoja tu. Ukiona ni upuuzi, nitakupisha na hutaniona tena."

Daktari akaangalia ili amridhishe. Bi Saa, aliyekuwa amezoea kutazama macho ya watu, aliyaona macho yake yakienda chini ya safu ya magharibi, yakasimama, yakarudi juu. Begi likatua sakafuni. Daktari akakaa kwenye benchi.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi."

"Kwa nini mara tano?"

"Kwa sababu naswali mara tano."

Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. "Asubuhi hamna kitu. Jioni inapanda. Wiki hizi mbili iko juu, hii imepoa, halafu hii imerudi tena. Inakuja na kwenda kama mawimbi." Akavua miwani. "Hospitali wanapima asubuhi, siyo?"

"Asubuhi wanapima. Jioni wanaandika."

Daktari alimwangalia, akaelewa. Ndipo maswali yakaanza, na Bi Saa akajua kwa nini aliitwa vile. Anatoka jasho usiku? Linalowanisha shuka. Mgongo? Kiuno hakiinuki. Anakohoa? Hapana. Amesafiri? Hapana. Anakunywa maziwa mabichi? Mimi nayachemsha mpaka yanafura mara mbili. Mnafuga? Hatuna hata kuku.

"Anafanya kazi gani?"

"Biashara," akajibu Bi Saa, haraka.

"Biashara ya nini?"

Bi Saa akautazama mkoba wake.

Neno hilo alikuwa amelitengeneza yeye. Miaka sita iliyopita, baba mtu alipofariki, binti alikwenda machinjioni akapata kazi ya kuosha matumbo. Alikwenda gizani, alirudi mchana, na harufu ile haikutoka kwa sabuni wala kwa udi. Watu wa posa walifika mara moja. Wakanusa, wakatazamana, wakasema watarudi. Hawakurudi. Tangu hapo Bi Saa alimwambia mwanawe: wakikuuliza, sema biashara. Na kila dirisha walilopita katika wiki hizi kumi na moja karani aliuliza, binti akasema biashara, karani akaandika biashara, na hakuna aliyeuliza ya nini. Mpaka leo.

Wale waliotoka kwa daktari walikuwa bado wamesimama pale, wakimngojea mwenzao wa benchi wajue yatakavyokwisha. Msaidizi naye alikuwa ametega sikio.

"Anaosha matumbo," akasema, chini chini. Kisha akajisikia, na hakuipenda sauti ile. Akanyoosha mgongo. "Mwanangu anaosha matumbo ya ng'ombe na mbuzi machinjioni. Miaka sita, kwa mikono mitupu. Ni kazi ya halali na ndiyo iliyotulisha."

"Mikono mitupu," daktari akarudia. "Anajikata?"

"Kisu kinamkata kila wiki."

"Na mnyama aliyechinjwa na mimba?"

"Akimkuta mtoto tumboni anamtoa yeye, anamtupa. Maji yanamrukia mpaka usoni. Alishawahi kunieleza, nikamwambia asinieleze tena."

Daktari akainuka. Akamwambia msaidizi, "Nenda darasani. Waambie wanafunzi leo darasa liko wodini, kitanda namba kumi na nne. Waje na kalamu." Akamgeukia Bi Saa. "Nipe robo saa nichukue vifaa."

Robo saa ilitosha. Mfagizi, ambaye haikujulikana alifika saa ngapi, alimfungulia mlango wa chumba cha kufulia, akamtandikia shuka safi lenye joto la pasi, akamwonyesha upande wa kuelekea. Bi Saa akaswali adhuhuri yake katikati ya mngurumo.

Walipofika wodini, sista mkuu alikuwa ameshaanza kung'oa shuka. Binti alikuwa ameketi ukingoni, fuko miguuni, mikono yote miwili imeng'ang'ania chuma cha kitanda.

"Sijashuka, mama," akasema. "Wameniambia nishuke, sijashuka. Na nimeandika."

Daktari wa wodi alikuja mbio kutoka mwisho wa chumba, kalamu zake zikigongana. Aliona wanafunzi kumi na wawili wamezunguka kitanda, na Daktari Maswali ameshika faili.

"Humu imeandikwa biashara. Nani alimuuliza biashara ya nini?"

Daktari wa wodi na sista wakatazamana.

"Hilo kosa ni langu," akasema Bi Saa. "Mimi ndiye niliyemfundisha aseme hivyo, kwa kuona haya. Nalibeba. Mengine ni yenu." Akawageukia wanafunzi. "Mwanangu anaosha matumbo machinjioni. Andikeni."

"Mama!" binti akajificha uso kwa viganja. "Watu wanasikia!"

"Wasikie. Wote hawa wanakula matumbo. Wanadhani yanajiosha?"

Mwenye chungwa wa dirishani akasema kwa sauti, "Kweli hiyo!" na mwanafunzi mmoja akacheka, akanyamaza. Binti akashusha viganja polepole. Alimtazama mamaye kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni aliousahau kichwani.

Daktari Maswali akakaa kitandani, jambo ambalo hakuna daktari aliyekuwa amelifanya kwa siku tisa, akaishika mikono ya binti akaigeuza, akawaonyesha wanafunzi makovu, moja moja, kwa heshima. Akambonyeza kiuno, akampapasa ubavu wa kushoto. Akatoa damu yeye mwenyewe, chupa mbili. Moja ya kipimo cha haraka, nyingine ya kuoteshwa vijidudu maabara, itakayochukua siku kadhaa.

Majibu ya kwanza yalikuja alasiri haijaingia. Daktari Maswali aliyaleta mkononi.

"Brusela," akasema. "Ni ugonjwa wa mifugo. Ng'ombe na mbuzi unawaangusha mimba, mtu unampa homa ya kuja na kwenda na kumla mifupa. Unaingia kwa maziwa mabichi, au kwa kidonda kama hivi. Tutathibitisha kwa ile chupa ya pili, lakini dawa anaanza leo. Vidonge vya wiki sita, hata akipata nafuu wiki ya pili asiviache. Na sindano za siku chache za mwanzo. Atapona, mama."

Bi Saa alikuwa amepeleka mkono ndani ya mkoba, anatafuta leso isiyokuwamo.

"Kuna wenzake wanaoumwa viuno huko machinjioni?" daktari akauliza.

"Watatu. Mmoja mimba yake ilitoka."

"Waje niwaone."

"Hawana barua."

Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Waambie wakae kwenye benchi. Wewe wafundishe namna ya kukaa."

Daktari wa wodi alikuwa bado amesimama pembeni. Hakuomba radhi, na Bi Saa hakumngojea aombe. Alichosema ni hiki: "Mama, lile daftari tuliweke kwenye faili la mgonjwa. Ni la muhimu sasa."

"Asubuhi halikuwa muhimu?"

"Mama, mimi..."

"Chukueni nakala. Kuna mashine pale kwa karani, nimeiona. Daftari ni langu, na wiki sita zijazo nitaliandika bado." Akaongeza, "Na kwenye faili, hapo penye biashara, pafute. Nipe kalamu kama huwezi."

Akapewa kalamu. Akalikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka bila rula, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa za darasa la saba: MUOSHA MATUMBO, MACHINJIONI.

Kitanda kikatandikwa shuka mpya. Mgeni wa kitanda cha kumi na tano aliambiwa asubiri chake.

Saa kumi na mbili jioni zamu ikabadilishwa. Bi Saa alikuwa ameshainuka, birika la udhu mkononi, na mkono wa pili ukitafuta kipimajoto mkobani, aliposikia viatu vinakuja. Vilikuwa vinasita, kisha vinakuja. Alikuwa sista mkuu. Zamu yake ilikuwa imekwisha, koti la kurudia nyumbani ameshalivaa, na mkononi alikuwa na kipimajoto cha hospitali.

Hakumtazama Bi Saa. Akakiweka kwapani mwa binti, akasimama akiangalia saa yake, dakika zote, bila kuzipunguza. Akakitoa, akakisogeza kwenye mwanga.

"Soma kwa sauti," akasema Bi Saa.

Sista akasoma. "Thelathini na tisa na nukta tatu."

"Andika."

Sista akaichukua chati, akaandika. Bi Saa akainama juu ya bega lake, akahakikisha kwamba tisa ni tisa na tatu ni tatu. Ndipo akafungua daftari lake, akaandika namba hiyo hiyo kwenye mraba wa magharibi, akashika birika, akaenda kutawadha.